Chatu Kwenye Mtungi wa Mama

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi za jioni, pikapu iliyotoka Beni ilisimama mbele ya nyumba yetu, hapa Butembo, na kabla sijamwona baba akishuka nilinusa gunia bichi. Saa ninaijua kwa hakika. Baba alikuwa fundi wa redio na saa, na saa ya ukutani kwetu haikuruhusiwa kukosea. Harufu nayo ninaijua mpaka leo. Mvua ikinyesha juu ya magunia ya makaa pale sokoni, hunijia palepale: nyuzi zilizolowa, udongo, na kitu kingine kizito kidogo, kama chumba kilichofungwa siku nyingi. Kila inaponijia, moyo wangu huanza kwanza kuona wivu, kisha ndipo hukumbuka wivu wa nini.

Baba alikuwa anatoka matangani. Mdogo wake, baba mdogo Kambale, alikuwa amefariki Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, kwa homa iliyomshika mwanzoni mwa juma na kummaliza kabla juma halijaisha. Alikuwa mkulima wa kahawa, na alikuwa hajaoa. Vitu vyake viligawanywa kama inavyofanywa kwetu: panga kwa huyu, koti kwa yule, jembe kwa mtoto wa jirani aliyemsaidia kulima. Kitu kimoja hakuna aliyekinyooshea mkono. Baba akakichukua.

Kilikuwa sanduku la mbao, upande mmoja wavu wa waya, juu yake gunia lililomwagiwa maji. Ndani yake alikuwamo chatu mchanga, unene wake kama kifundo cha mkono wangu, amejikunja kama kamba ya mbuzi. Baba mdogo alimwokota kati ya miti ya kahawa alipokuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye yai, akamlea ghalani kwake, akimlisha panya walewale waliokuwa wakila mbegu zake. Tulizisikia habari hizo zamani na kuzicheka. Hatukufikiri kwamba siku moja chatu huyo atakuja kulala kwetu.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Masika, ile ni nini?"

"Ni ya Kambale."

"Ya Kambale najua. Mi nauliza ni nini."

"Chatu."

"Na italala fasi gani?"

"Ndani."

"Ndani! Donc miye na mutoto njo tutalala inje?"

Baba alimpita na sanduku lake. Kwangu alikuwa na maneno mawili tu, baada ya juma zima la kutonana: "Leta lampe." Nikaleta taa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimejiandaa kupokelewa kwa namna tofauti.

Inafaa niwaeleze hali yetu ilivyokuwa kabla ya jioni ile, maana bila hayo mtaniona mtoto mwenye roho mbaya bure. Dada yangu Masika alikuwa ameshaolewa Kirumba. Nyumbani nilibaki mimi peke yangu, Kahindo, msichana wa pili, na kwa mambo yote ya kazi nilikuwa mtoto wa baba. Kila siku baada ya shule nilikwenda kwenye kibanda chake karibu na soko. Nilimshikia taa akichungulia ndani ya redio, nikampa bisibisi kabla hajaitaja, nikazipanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa kwa ukubwa wake. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini machache hayo yalikuwa yangu. Alinifundisha kwamba adui wa redio ni unyevu. Watu waliziteremsha kutoka kwenye malori zikiwa zimenyeshewa njia nzima, nyingine ukizitikisa unasikia maji, naye alizifungua na kuzianika karibu na taa, bila haraka, mpaka sauti irudi. Nilipenda sana dakika ile sauti inaporudi. Alikuwa akinitazama mimi, si redio.

Tangu sanduku lilipoingia, hakunitazama tena.

Asubuhi alimwangalia nyoka kabla ya kunawa uso. Mchana alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku nilipougua surua, akaja nyumbani, akachuchumaa mbele ya wavu. Aliporudi jioni aliuliza, "Alikula?" na mara ya kwanza nilimjibu kwamba ndiyo, nimekula, maharage na majani ya muhogo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kosa la kwanza lilikuwa la watu wa Butembo hasa. Mji wetu uko juu, una baridi, na asubuhi nyingi ukungu unakaa juu ya paa mpaka watoto wamekwisha kufika shuleni. Mtu akipanda kwetu kutoka Beni au Mutwanga, jambo la kwanza anauliza ni koti. Kwa hiyo sisi tunajua jinsi ya kumpokea mtu wa joto: tunamweka karibu na moto. Baba alimpokea chatu hivyohivyo. Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga ambako mama alikausha mahindi na maharage ya mbegu, na kila nyumba ya jirani ilikuwa na uchaga kama huo. Baba aliyaondoa mahindi, akaliweka sanduku pale, akavua gunia lile bichi na kulitundika nje.

"Anatoka joto," alisema. "Baridi itamuua."

Joto alilipata, hilo sikatai. Lakini uchaga ule ulijengwa kwa kazi ya kukausha, nao ulimkausha. Katika muda mfupi ngozi yake, iliyokuwa ikimetameta kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, ikawa na vumbi. Macho yakageuka kuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Tulijua ya kwamba nyoka hujivua gamba, hilo kila mtu anajua, tukangoja. Gamba lilianza kubanduka mdomoni, likapasuka, likakwama. Lilitoka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na shingoni likabaki pete iliyokaza. Macho hayakufunguka. Panya aliyewekwa sandukuni usiku alikutwa asubuhi yuko hai, ananawa masharubu.

Baba alimtoa, akamshika kichwa kwa vidole viwili, akaniambia nisogeze taa. Nilisogeza. Siku ile nilikuwa nimeleta matokeo ya darasa la sita: nilikuwa wa pili, wa kwanza kati ya wasichana. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu mwingine.

"Papa, angalia."

"Naangalia," alisema, akiangalia jicho la nyoka. "Unaona hii? Ni kama kioo ya saa. Nyoka hana kope, anavaa kioo. Inapashwa kutoka pamoja na ngozi. Ikibaki, ingine itakuja juu yake, na ingine, mpaka awe kipofu."

"Nimekuwa wa pili, papa."

"Vizuri. Sogeza lampe."

Naandika haya nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nimezika watu na kuzaa watu, na bado nikifika kwenye maneno "sogeza lampe" naona uso unapata joto. Karatasi yenyewe mama aliiweka ndani ya kitabu cha sala.

Nilianza kumchunguza adui yangu. Mwenye wivu ana macho makali, nadhani mnajua. Nilijua nyoka analala upande gani, analaza kidevu wapi, anatoa ulimi mara nyingi au mara chache. Nilijua kwamba alikuwa akijisugua kwenye msumari mmoja uliotokeza, tena na tena, mahali palepale palipokwama gamba. Nilitaka kumwona ana hila. Nilichokiona ni mnyama mwenye kuwashwa.

Nje nako hakukuwa na amani. Ninyi mnaotoka mbali pengine hamjui kwamba huku kwetu, mji wa wafanyabiashara, mtu akipata mali haraka husemwa kwamba amefuga nyoka chumbani, na kwamba nyoka huyo humtapikia fedha. Sisi hatukuwa na mali. Lakini nyoka tulikuwa naye, na watu wakaanzia hapo. Nikienda kuteka maji, wasichana wa bombani walikuwa tayari.

"Kahindo, leo ametapika dola ngapi?"

"Anatapika mu sahani ao mu ndoo?"

"Muache! Hauoni kandambili zake? Nyoka yao inatapikaka makuta tu!"

Makuta zilikuwa sarafu ambazo hata mkate hazikununua tena. Nilicheka nao kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri. Kibandani pia wateja walipungua. Mmoja alikuja kuichukua redio yake kabla haijatengenezwa, akaipokea kwa ncha za vidole. Mama aliliona hilo. Jioni alisema, "Baba Masika, bantu banaongea."

"Bantu bana midomo."

"Na weye uko na bibi wa pili mu sanduku. Wa kwanza anauliza kama kesho atapata ya kupika."

Baba alilishusha sanduku kutoka kwenye uchaga. Mtu aliyekuwa ametumia nusu ya maisha yake kufukuza unyevu sasa alitaka kuuingiza. Basi akaja na kosa la pili. Alirudisha gunia, akaongeza jingine, akayalowesha yote mawili mpaka yakadondosha maji, akatandika majani ya migomba chini na kuziba wavu kwa nailoni ili hewa nyevu isitoke. Ndani yake aliweka kifuniko cha chupa chenye chumvi kidogo. Hiyo ilikuwa njia yake ya kibandani: katika hewa kavu chumvi inabaki kama mchanga, hewa ikilowa inashikana, ikizidi kulowa inakuwa maji. Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu cha Kifaransa kwamba chumvi ya jikoni huanza kuyeyuka hewa inapobeba kama robo tatu ya maji inayoweza kuyabeba, na nilifunga kitabu, maana baba alilijua hilo bila kuwa na namba yake. Kule juu ya mafiga chumvi ingebaki mchanga milele. Ndani ya magunia ikageuka maji usiku mmoja.

Mwanzoni alifurahi. Kisha ile harufu ikawa nzito, majani yakaota ukungu mweupe kama manyoya ya kifaranga, na nyoka alipogeuzwa, tumboni mwake kulikuwa na malengelenge madogo. Ngozi iliyokwama ilikuwa imelainika lakini haikutoka; sasa aliumwa juu na chini. Baba alikaa juu ya kigoda akiwa ameweka mikono magotini. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui kitu cha kufanya na kitu kilichoharibika. Alikuwa amewahi kuniambia kwamba redio iliyomshinda huiacha wazi mezani, anakunywa chai, anarudi. Sanduku aliliacha wazi. Alikwenda kunywa chai.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Tuligeuza nyumba. Mama alipanda kitandani na viatu, akakataa kushuka. Mimi nilitafuta chini ya vitu vyote nikiomba kwa moyo wangu wote tusimpate, ameenda, amerudi kwao kwa miguu ambayo hana. Hatukumpata, na hatimaye mama alichoka kuwa kitandani, akaenda jikoni kuteleka uji, na huko akapiga kelele iliyoleta majirani mpaka kwenye uzio.

"Iko ku mutungi yangu! Baba Masika, kuya! Iko ku mutungi!"

Mtungi wa mama ulikuwa wa udongo, mkubwa, umeketi juu ya mchanga kwenye kona ya mbali na moto. Kama mitungi yote, ulikuwa ukitoa jasho, na mchanga chini yake ulikuwa na ubichi siku zote, si maji, ni ubichi tu. Chatu alikuwa amejizungusha pale chini, sehemu ya mwili kwenye mchanga, sehemu juu ya sakafu kavu, na alikuwa akijiburuta polepole kwenye tumbo la mtungi lenye mikwaruzo, akijibana, akijiachia. Gamba la shingoni lilikuwa limeshalegea.

Mama aliinua mchi.

"Usimupige!" Baba alipiga magoti. "Angalia vile amelala. Nusu yake mu ubichi, nusu mu kavu. Anachagua yeye mwenyewe."

"Mais ni mutungi ya maji ya kunywa!"

"Nitakuletea ingine."

"Redio zangu zote umezifungua, bibi yako umemuacha, sasa mutungi!" alisema mama, ingawa hakuwa na redio hata moja, na majirani kwenye uzio wakaangua kicheko. Hata baba alitabasamu, na tabasamu hilo, nawaambia, lilikuwa la kwanza tangu Mutwanga, na lilikuwa la nyoka.

Mtungi ulivunjwa shingo ili mdomo upanuke, ukalazwa ubavu ndani ya sanduku jipya lenye nafasi kubwa zaidi, upande mmoja, ukatandikwa ndani maganda ya mgomba yaliyolowa na kukamuliwa. Upande wa pili ulibaki mkavu, na wavu ukaachwa wazi ili hewa ipite. Maganda yalibadilishwa kabla ya kuoza. Chumvi iliyowekwa mdomoni mwa mtungi ilishikana bila kuwa maji, na hapo baba aliacha kuhangaika. Kazi yangu ikawa kukamua maganda. Niliifanya kazi hiyo kwa hasira, na baba alisema ninakamua vizuri.

Malengelenge yalikuwa yanakauka pale mtu mmoja alipokuja na jeep yake.

Alikuwa na maduka mawili mjini, tumbo la mwenye maduka mawili, na viatu vilivyokatazwa kukanyaga matope. Alimkuta baba uani, mimi nikiwa nimechuchumaa kwenye ndoo yangu. Hakuuliza habari za msiba.

"Fundi, ile nyama yako, ile nyoka. Unaiachia bei gani?"

"Hapana ya kuuzisha, patron."

"Kila kitu iko na bei. Dola mia moja."

Baba akatikisa kichwa.

"Mia mbili. Hapa, mbele ya macho." Akazitoa kweli. Mama, mlangoni, aliacha kupepeta mchele.

Nilijua mia mbili ni nini. Shule ya bweni ya masista, niliyoiota tangu darasa la nne, ilitaka pungufu ya hizo kwa mwaka, na zingebaki za godoro, za sanduku la bati na za sketi ya bluu. Ilikuwa mwisho wa Agosti. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sitakwenda, ila nilikuwa na macho: kibandani hakukuwa na mteja.

"Redio zote ziko za kuuzisha," baba alisema. "Chukua yenye unataka. Ile, hapana."

Mtu yule akacheka kwa sauti, akizirudisha noti zake mfukoni moja moja.

"Kumbe njo kweli vile banasema! Haiwezi kuuzishwa, iko inatapika!"

Jeep ilipoondoka sikuwa mtoto mwenye adabu. Nilisimama na maganda mikononi.

"Papa, juu ya nini hukumuuzisha?"

"Utasoma, Kahindo."

"Na nini? Nitasoma na nini? Ule nyoka unamupenda kuliko miye!"

Mama alisema, "Kahindo!" lakini si kwa ukali, kama mtu aliyesikia swali lake mwenyewe likiulizwa na mwingine. Baba aliyachukua maganda mikononi mwangu, akayarudisha ndooni. Alichosema mwishoni kilikuwa kilekile alichosema siku ya kwanza.

"Nyoka ni ya Kambale."

Nililia kwa sababu sikuona hilo ni jibu la namna gani. Kambale alikuwa amekufa. Mimi nilikuwa hai, nimesimama mbele yake, wa pili darasani.

Gamba lilitoka siku chache baadaye, alfajiri, ndani ya mtungi. Lilitoka zima, limegeuzwa ndani nje kama soksi, na mwisho wake, upande wa kichwa, vilikuwamo vile vioo viwili vya macho. Baba alivihesabu kwa ukucha, kimoja, viwili. Chatu alikuwa amelala upande mkavu, mpya kabisa, na macho meusi yakitutazama wote kwa usawa. Alikula panya mbele yetu. Wivu wangu haukunizuia kuona kwamba alikuwa mzuri.

Nilidhani sasa atawekwa sebuleni. Badala yake baba alisema, "Vaa viatu. Tunashuka Mutwanga."

Alifanya kitu kilichoniaibisha mpaka nikataka ardhi inifunike. Angeweza kuita pikapu mpaka mlangoni. Hakuiita. Alilibeba sanduku kichwani bila kulifunika, wavu ukitazama mbele, akapita katikati ya soko, mbele ya bomba, mbele ya maduka ya yule mtu, taratibu, akisalimia kila mtu kwa jina. "Namurudisha kwao," alisema kwa kila aliyeuliza, na kwa wengi ambao hawakuuliza. Mimi nilifuata nyuma nikitazama visigino vyake. Wasichana wa bombani walikaa kimya, na ukimya wao ulinichoma kuliko kicheko.

Tulipanda pikapu mpaka Beni, na kutoka pale pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva, sanduku limefungwa kwa mpira. Joto lilitupokea kama mlango wa jikoni ukifunguliwa. Hewa ya kule ilikuwa na unyevu wake yenyewe. Nguo ziligandana mgongoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa ngozi yangu kile tulichokuwa tukihangaika kukitengeneza kwa magunia.

Mutwanga baba hakwenda moja kwa moja shambani. Alipita nyumba kwa nyumba, akiwaita majirani wa marehemu: wazee, mama mwenye duka la chumvi, vijana waliochimba kaburi. Nilichoka, nilikuwa na njaa, nikajiuliza nyoka mmoja anahitaji wasindikizaji wangapi. Wakaja, wakasimama mbalimbali kati ya miti ya kahawa. Baba akafungua sanduku. Chatu alikaa kidogo mlangoni, akaonja hewa, akatoka bila kugeuka nyuma, akapotea kwenye majani makavu yaliyolowa kwa chini.

Baba alisimama. Aliinua mikono yote miwili, akaigeuza viganja nje, akawaonyesha watu wa upande huu, kisha wa upande ule, kama tunavyofanya mbele ya askari kwenye kizuizi. Mzee mmoja akamwambia kwa Kinande, "Wasingya," asante, akaja kumshika mkono. Wengine wakafuata. Ndipo baba yangu alipolia, akiwa ameshikwa mikono na watu, na mimi nikasimama kando nikifikiri kwamba analilia nyoka.

Mwaka ule sikwenda shule. Nilirudi kwenye skrubu na taa, na wateja wakarudi kidogokidogo, na baba akaninunulia kwa kilo vitabu vya zamani ambavyo wauza karanga walivitumia kufungia bidhaa. Mwaka uliofuata nilianza sekondari ya kutwa, kisha vita vikaja, na shule ikawa kitu cha watu wengine. Ninachokijua nimekipata kwenye vitabu vya kilo na vilivyovifuata. Lakini swali lile lilikaa nami. Hata baba alipofariki, hata baada ya hapo, nilikuwa bado na kijiwe hicho ndani ya kiatu.

Siku moja, tukimenya maharage na mama, nilisema kama mzaha, "Papa alipendaka nyoka kuliko batoto."

Mama aliacha kumenya.

"Weye, mutu muzima, hujuaka? Nyoka ya feza inatapikaka bure?"

Nikamwangalia.

"Inaombaka mutu kwanza. Mutu wa damu yako. Unamutoa, njo feza inakuja. Kambale alikufa mbio, homa tu, na papa yako anarudi na nyoka yake. Unafikiri bantu banasema nini, kule Mutwanga, hapa, pa soko, pa kanisa? Mbele yako tu njo banyamazaka."

Ile nusu ya pili ya kichekesho hakuna aliyewahi kuniimbia bombani. Niliipanga taratibu, kama skrubu kwenye vifuniko. Asingeweza kumuua nyoka, maana wangesema anaficha. Asingeweza kuendelea kumfuga. Asingeweza kumwachia akiwa amefungwa macho, maana angekufa shambani na watu wangemwokota. Ilibidi kwanza apone, atoke mzima, mchana, mbele ya watu wote, na mikono ya baba iwe mitupu. Na kitu ambacho hakingewezekana kabisa, kuliko vyote, kilikuwa kupokea noti za mtu yule mbele ya mlango wetu: kesho yake mji wote ungeijua bei ambayo Kambale aliuzwa.

"Kwa nini hakuniambia?" nilimuuliza mama.

"Ulikuwa mutoto. Angekuambia nini? Kama banasema amekula ndugu yake?"

Wivu haukuondoka siku hiyo, nisiwadanganye. Ulihama tu. Siku hizi simwonei nyoka. Namwonea baba mdogo Kambale, aliyelala Mutwanga kwenye udongo mbichi, aliyepata kupendwa na mtu wa maneno machache kiasi kile. Na nikiulizwa kifo chake kilimletea baba yangu faida gani, naweza kujibu kwa usahihi, maana nilikuwapo uani nikizitazama noti za mtu yule zikirudi mfukoni mwake: kilimkosesha dola mia mbili.